Vidonge vya "nano" vya mtoto wa jicho, bimkubwa kameza miezi mitatu

Nilivinunua Kariakoo, duka la virutubisho sitalitaja jina, kopo la vidonge 60 elfu 85, muuzaji anakwambia ni manjano ya teknolojia ya nano yanayeyusha mtoto wa jicho bila kisu. Bimkubwa ana miaka 67 na kisu anakiogopa kuliko nyoka, basi nikaingia kingi. Makopo matatu hayo, piga hesabu mwenyewe.

Kopo zuri kweli na vidonge havicheuzi. Ila ukigeuza lebo uone ndani kuna miligramu ngapi za nini, hamna, imeandikwa tu "antioksidanti asilia" na picha ya jicho la kijani la mzungu.

Sasa nano yenyewe sio uongo, tusionee. Ile dawa iliyo kwenye manjano, kukyumini, ukiila nyingi inapita tu mwili hauichukui, ndo maana watafiti wanaiweka kwenye chembe ndogo mno za kupima kwa nanomita ili iingie vizuri. Wameijaribu kwa panya wa maabara wenye kisukari, mtoto wa jicho akachelewa. KUCHELEWA, na ni panya! Lenzi ya jicho ina protini angavu, umri, jua, sigara na sukari zikishaziharibu zinagandana kama ute wa yai uliochemka, we ulishaona yai likarudi bichi? Hata lutini na zeaksanthini, virutubisho vya macho ambavyo vinauzwa kila kona, Marekani waliwapa watu kwenye utafiti wa zaidi ya watu 4,000, majibu yakatoka 2013, kwa ujumla havikupunguza watu kwenda kufanyiwa oparesheni ya mtoto wa jicho.

Kilichoniuma sio hela sana, ni ile miezi mitatu bimkubwa anapapasa ukuta usiku akienda chooni huku mi namwambia vumilia mama dawa inafanya kazi. Daktari alipompima akasema mtoto wa jicho ameshakomaa, wakatoa lenzi iliyochafuka wakaweka ya bandia, haikufika hata nusu saa, ganzi ya jicho tu, bimkubwa katoka anauliza "ndo imeisha?"

Nyota moja na nusu, hiyo nusu ni ya kopo. Bimkubwa karudia sindano na nyuzi zake, na uzi anatunga mwenyewe siku hizi haniiti.