Tovuti yangu ya Liemba: nimeijenga mara tatu, leo naichambua

Mwakeye wadau, na wale wa mbali habari zenu. Leo sijashika simu wala spika ya kuwachambulia kama kawaida. Bidhaa ya leo ni ya kwangu mwenyewe, kwa hiyo mna ruhusa ya kunishuku: ni tovuti yangu ya Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Wengi mmeniuliza niliitengenezaje, na kila nikianza kujibu najikuta naeleza jinsi ilivyobomoka. Niko Kibirizi hapa Kigoma, huko nyuma ni maboti ya dagaa, upepo ukiingia kwenye maiki mnivumilie.

Ugonjwa wenyewe ulianzia nyumbani. Mimi si mwanahistoria wala si mtu wa kompyuta, nauza nyaya na swichi pale Mwanga. Ila mzee wangu alikuwa akibeba mizigo bandarini, na alipenda kusema kwamba Kigoma tuna meli iliyokuja kwa treni. Nilidhani ananitania. Kumbe kweli! Iliundwa Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer mjini Papenburg, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli ya kati ambayo ilikuwa ndiyo kwanza inafika hapa mwaka 1914. Mafundi wakaiunganisha upya, na Februari 1915 ikaingia majini ikiitwa Graf von Götzen. Meli ya mita 71, imekuja kwa mabehewa! Mtoto ukishasikia hilo, unapona wapi?

Basi mwaka 2004 nikawa mteja wa kudumu wa kafe moja ya intaneti. Wakati ule intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, mkonga wa baharini ulikuwa haujafika Dar es Salaam, huo ulikuja 2009. Unalipia nusu saa, dakika kumi zinaisha unaangalia ukurasa ukifunguka kutoka juu kwenda chini kama pazia. Kijana wa kafe akanifundisha HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kwenye Notepad, ile programu ya kuandikia maandishi matupu. Hii kitu ni nyepesi, wadau, msitishwe: unaandika maneno yako, unayazungushia alama, hii ya kichwa cha habari, hii ya aya, hii ya picha. Kurasa zote sita ziliingia kwenye disketi moja ya megabaiti 1.44 na nafasi ikabaki.

Uzuri wake sasa... angalieni hapa kwenye skrini, msicheke. Mandhari meusi, herufi za njano, kihesabu wageni kinachosoma 000041, ambao 30 ni mimi. Na juu kabisa maandishi yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto, “KARIBU KIGOMA MWISHO WA RELI”. Hiyo alama inaitwa marquee. Wataalamu walishaikataa siku nyingi, lakini ukiiandika leo na kuifungua kwenye kivinjari cha Chrome bado inatembea. Nimejaribu jana.

Niliiweka kwenye seva ya bure, yaani kompyuta ya watu inayohifadhi tovuti, sitaitaja. Bure maana yake wao wanaweka matangazo, wewe unaweka jasho. Siku moja wakafunga. Taarifa walituma, tena mapema, kwenye barua pepe ambayo paswedi yake nilishaisahau. Nilikuja kujua pale mpwa wangu aliponiambia, “Mjomba, Liemba imezama tena.” Disketi nayo ilikuwa imeota kutu. Na hata hao wakubwa hawakudumu: GeoCities, iliyokuwa na kurasa za watu kwa mamilioni, ilifungwa Oktoba 2009. Nilichookoa nilikikuta kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za tovuti za zamani, maandishi karibu yote, picha mbili tu.

“Imezama tena” ile iliniuma, kwa sababu Liemba ilizama kweli. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoona maji yamezidi unga waliizamisha wenyewe, wasimwachie Mwingereza. Lakini wale mafundi waliipenda kazi yao: kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito. Ikalala chini ya ziwa, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, mitambo ikakutwa bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tangu hapo mimi kutunza nakala siiti bakapu, naita kupaka grisi. Nyumbani kwangu kila mtu anajua, baba akisema anapaka grisi, flashi ya bluu isiguswe.

Nyumba ya pili, yaani tovuti ya pili, sitaikalia sana. Ilikuwa mfumo wenye templeti (mwonekano ulioandaliwa tayari) na plagini (vijiprogramu vya kuongezea), unabonyeza tu inajijenga. Kwa macho ilipendeza kuliko zote tatu. Kosa lilikuwa langu, sikuwa naisasisha, na asubuhi moja ukurasa wa historia ukawa unauza viatu vya kike. Nilihangaika wiki nzima kusafisha. Mke wangu aliuliza kama angalau bei ni nzuri.

Sasa hii ya tatu ndiyo ya kuichambua. Nimerudi kwenye HTML tupu. Kurasa 62, sina hifadhidata, sina plagini hata moja, jina la tovuti ni langu nimelilipia, na cheti cha usalama, kinachofunga mawasiliano ya mgeni na tovuti yasisomwe njiani, nimepata bure kwa shirika la Let's Encrypt. Hicho cheti usikipuuze, tangu Julai 2018 Chrome humwandikia mgeni kwamba tovuti isiyo nacho si salama, na mtu wa kawaida akisoma hivyo anakimbia.

Tuipime hapahapa. Nimeiweka simu kwenye 2G makusudi, kwa sababu msomaji wangu mara nyingi ni mtu wa kijijini kwenye mwambao, mwenye bando la mia tano. Tuseme kasi ni kilobiti 40 kwa sekunde. Ukurasa wa mbele wa ile nyumba ya pili ulikuwa megabaiti 3. Piga hesabu, baiti moja ni biti nane: dakika kumi. Huu mpya ni kilobaiti 14... nabonyeza... tayari. Hazijafika sekunde nne. Picha kubwa hazipakiwi mpaka uzibonyeze mwenyewe.

Ubaya wake? Upo, tena unaudhi. Nikiongeza kitu kimoja kwenye menyu, nabadilisha kurasa 62. Programu ya kutafuta na kubadilisha inasaidia, ila siku nilipokosea herufi moja nilikosea mara 62. Kwenye simu kuhariri ni mateso. Sehemu ya kutafuta ndani ya tovuti haipo, mgeni anafuata orodha kama anavyofuata mabehewa. Kama una duka, bei zinabadilika kila siku, achana na huku, chukua mfumo wenye templeti na uusasishe, si kama mimi. Lakini kama una jambo unalolipenda na hulibadilishi bei, andika HTML. Fungua info.cern.ch kwenye simu yako sasa hivi, utaukuta ukurasa wa kwanza wa Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na unasomeka bila kulalamika.

Kuna mtu ataniuliza, si ungeweka kwenye mitandao ya kijamii ukapumzika? Nimeweka. Picha ile ya Liemba imepakia mizigo watu waliipenda siku mbili, ya tatu ikafunikwa na harusi. Kwenye tovuti, mwanafunzi anaingia saa nane usiku akitafuta mwaka 1927 na anaukuta.

Ukurasa wa 63 nimeshauandika, unasubiri picha tu. Kuna bibi mmoja Ujiji anasema marehemu mumewe alipigwa picha sitahani akiwa kijana. Picha imo sandukuni, sanduku limefungwa, na ufunguo kaondoka nao mjukuu kwenda Kasulu. Anarudi Jumamosi. Haya, betri imekuwa nyekundu, na hawa jamaa wanasukuma boti lao, wananiambia nihame njiani.