Msaada wa Gari Njiani: Tazama Kilomita Kabla ya Bei

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Leo niko Uyole, Mbeya, na hapo nyuma yangu mnaona malori yanayokwenda Makambako na mengine yanayokunja kuelekea Tukuyu na Kasumulu. Mezani nina karatasi za masharti ya msaada wa njiani, yaani zile huduma za kuja kukuvuta au kukuwashia gari ukikwama. Majina ya kampuni nimeyafunika makusudi, nataka tuangalie masharti yenyewe.

Kuna jambo linawaponza wengi. Mtu amekata bima kubwa, anajua gari likimzimikia Igawa, njiani kwenda Makambako, kampuni itakuja. Haiji, ndugu yangu. Bima kubwa kwa kawaida inalipia ajali, wizi na moto. Ukipata ajali, gharama ya kulivuta gari huwa imo, tena kwa kikomo. Lakini alternata ikifa au gia boksi ikigoma, hiyo ni hitilafu ya ufundi, na mikataba mingi imeiorodhesha kwenye visivyolipiwa. Bima ndogo ndiyo kabisa, inamhusu yule uliyemgonga. Kwa hiyo msaada wa njiani unaongezewa kwenye bima kubwa au unanunuliwa peke yake. Wakala akisema "imo humo humo", mwombe akuoneshe ilipoandikwa. Na wakala mwenyewe awe amesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Sasa ngoja nisogeze karatasi kwenye kamera. Mnaona haya maandishi madogo? "Kuvutwa hadi gereji iliyo karibu." Kwa sisi wa huku, mambo yote yako hapa. Umekwama kabla ya Chimala na gari la oto, yaani linalobadilisha gia lenyewe, lina tatizo la umeme, fundi wako yuko Mbeya mjini. Wao wakikushusha kwenye gereji ya kwanza waliyoikuta, kazi yao imeisha, hata kama fundi wa pale hana mashine ya kupimia gari lako. Tafuta mkataba unaosema "gereji utakayochagua", halafu uliza ni kilomita ngapi. Tuseme kikomo ni kilomita 50 na umezimikiwa Makambako. Hadi Mbeya ni kama kilomita 170. Hizo 120 zinazobaki ni zako, na bei utapatana na mwenye brekidauni, yaani gari la kuvuta, usiku, barabarani, watoto wanatetemeka. Baridi ya Makambako mwezi wa saba mnaijua.

Halafu, gari lao la kuvuta linalala wapi? Karatasi inaandika "nchi nzima", sawa, lakini kama linatoka Dar, kufika Iringa tu ni kama kilomita 500, na njiani linapaswa kuupanda mlima Kitonga. Mimi ningechukua kampuni ndogo yenye gari Mafinga au Mbeya kabla ya kubwa isiyo na chochote huku.

Uliza pia watakuvuta kwa namna gani. Gari la oto likiburutwa huku magurudumu yanayosukuma gari yako chini na injini imezimwa, oili haizunguki vizuri ndani ya gia boksi, nayo inaungua. Linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne ndilo lisiguswe kamba kabisa, linataka brekidauni ya kupakia juu. Na kamba kwenye mteremko wa Kitonga naomba msijaribu: injini ikizimwa breki inakuwa ngumu, usukani mzito.

Je, kila mtu anunue? Hapana. Kama safari zako ni za hapa hapa mjini Mbeya, Soweto, Mwanjelwa na Sokomatola, hiyo hela nunulia betri nzuri, nyingine weka akiba, na uwe na namba ya fundi unayemwamini. Lakini unayebeba parachichi kutoka Njombe, au unayeshuka Dar na familia, nunua, tena ya kilomita nyingi, hata ikizidi bei. Kwanza angalia sharti la umri wa gari, kwa sababu Toyota IST nyingi tunazoendesha ni za 2002 hadi 2007, na zipo huduma zinazokataa magari ya zamani. Ukivuka Tunduma kwenda Zambia, Kadi ya Njano ya COMESA inasimamia madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Usidhani itakuvuta.

Kabla hujalipa, fanya hivi. Saa nne usiku piga ile namba ya dharura iliyoandikwa kwenye karatasi. Waambie unafikiria kujiunga, waulize: nikikwama Igawa sasa hivi, nani anakuja, anatokea wapi, atafika baada ya muda gani? Akikujibu mtu anayeijua Igawa ilipo, endelea kuongea naye bei. Simu ikiita mpaka ikakatika, mrudishie wakala karatasi yake.