Mashine ya Linux ya kuandikia programu: ipi ununue Mwanza, ipi uiache

Pesa inayonunua mashine mpya ya kawaida yenye RAM ya GB 8, ukiingia nayo maduka ya kompyuta za mtumba mjini Mwanza, unatoka na mashine ya ofisini iliyo imara zaidi. Chukua ya mtumba. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe moja: RAM inaongezeka? Ukifungua Android Studio (ya kuandikia programu za simu) na emuleta yake, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, kivinjari na konteina tatu za Docker (programu zinazoendeshwa kila moja kwenye kisanduku chake), GB 8 zimekwisha. GB 16 ndiyo kima cha chini. 32 ndiyo raha.

Ya kwanza: ThinkPad T14 ya 2020, toleo lenye prosesa ya AMD. Tafuta yenye Ryzen 7 PRO 4750U, viini 8. Sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi na nafasi ya kuongeza ni moja tu. Hapo ndipo watu wanapopigwa: kuna iliyochomelewa GB 8 na kuna ya GB 16, na kwa nje ni mapacha. Ya 16, ukiipachika kipande kingine cha 16, unapata 32. Firmware (programu iliyo ndani ya vifaa vyenyewe) inasasishwa humo humo ndani ya Linux kwa amri ya `fwupdmgr`.

Ya pili: ThinkPad T480 ya 2018. Viini 4, kwa hiyo kukompaili mradi mkubwa kunachukua muda. Lakini nafasi za RAM ni mbili, zote wazi, na betri ni mbili: moja ndani, nyingine unaichomoa na kubadilisha bila kuzima mashine. Umeme ukikatika tangu asubuhi utaelewa thamani yake. Ugonjwa wake ni firmware ya Thunderbolt, teknolojia ya kasi ya tundu la USB-C: toleo la zamani huharibu chipu yake taratibu mpaka tundu hilo linaweza kukataa hata kuchaji, na mashine hii huchajiwa kwa USB-C pekee. Jaribu matundu yote mawili ya USB-C, kisha sasisha siku hiyo hiyo.

Ya tatu: HP EliteBook 840 G5. Prosesa za kizazi kile kile, nafasi mbili za RAM, betri moja. Ichukue T480 ikikosekana.

Za kuchagua mwisho ni mashine za gemu zenye kadi ya picha ya Nvidia. Kerneli (kiini cha Linux) ikisasishwa huku Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu mashine inapowaka, imewashwa, draiva isiyosainiwa haipakiwi, nawe unaweza kubaki unatazama kioo cheusi. MacBook za Intel za 2018 hadi 2020 zenye T2, chipu ya usalama ya Apple, ziache: bila kerneli iliyorekebishwa, hata kibodi haifanyi kazi.

Nenda dukani na flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Washa ukibonyeza F12 kwa ThinkPad, F9 kwa HP, chagua kujaribu bila kusakinisha. Unganisha Wi-Fi ya simu yako, funga mfuniko dakika tano, fungua uone kama inaamka. Kisha fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike `upower -d`: linganisha energy-full (uwezo wa betri sasa) na energy-full-design (uwezo wake ikiwa mpya), chini ya asilimia 70, hesabu bei ya betri mpya. Mwisho ichoshe, viini vyote vifanye kazi kwa pamoja:

`for i in $(seq $(nproc)); do yes >/dev/null & done`

Baada ya dakika kumi, `grep MHz /proc/cpuinfo`. Kasi ikiporomoka chini ya ile ya msingi ya prosesa, feni imeziba au grisi ya kupoza prosesa imekauka. Tuliza kwa `killall yes`. Zima, washa, ingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe, kwa F1 (HP ni F10). Ikidai nywila asiyoijua muuzaji, irudishe kaunta. Kwa ThinkPad hata kutoa betri ya saa hakuifuti.

Ukikaa karibu na maji, tuseme Kirumba au Igombe, wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku huvutwa na feni na kugandamana na vumbi kwenye mapezi ya kupoza. Kila miezi michache fungua mfuniko wa chini, shika feni kwa kidole isizunguke, ndipo upulize.