Kola ya sponji ya shingo: nzuri kwa siku tatu, si kwa mwezi

Kola laini za shingo zinazouzwa katika maduka ya dawa ya Kisumu ni sponji tu iliyovishwa kitambaa na kufungwa nyuma kwa velkro. Nyingi zimeshonwa vizuri, hapo hatuna neno. Lawama ni kwa wauzaji. Matatu imepunguza mwendo kwenye tuta, ikagongwa kwa nyuma. Kesho yake abiria ameamka shingo imekaza, na dukani anaambiwa avae kola "mpaka upone".

Gari likigongwa nyuma, kiti husukuma kiwiliwili mbele huku kichwa kikibaki pale pale. Shingo hujipinda mithili ya herufi S, misuli na kano zikavutika. Maumivu yanaweza kuchelewa siku nzima au zaidi, na eksirei haiyaonyeshi kwa kuwa kazi yake ni mifupa.

Kabla ya kulipa, pima mzunguko wa shingo, kisha urefu kutoka kidevuni hadi juu ya mfupa wa kifua, ukitazama mbele. Muuzaji akikukadiria kwa macho, kataa. Kola ndefu mno huinua kidevu na kukunja shingo kwa nyuma, ikabana viungo vile vile vilivyoumia. Upande uliochongwa hukaa chini ya kidevu (wengi huigeuza). Ukishaifunga, vidole viwili vipite. Chagua yenye kitambaa kinachovuliwa: kwa joto na jasho la Kisumu, isiyofulika huleta upele upesi.

Sponji haizuii shingo kusogea. Huipunguzia tu shingo uzito wa kichwa na kukukumbusha usijigeuze ghafla. Kwa hiyo isizidi siku tatu, na uivue kila baada ya saa moja au mbili: geuza kichwa polepole kulia na kushoto, mara 10, ukiishia pale maumivu yanapoanza. Ukiizoea kwa majuma, misuli hunyong'onyea na shingo hukakamaa zaidi. Usiendeshe chochote ukiwa umeivaa, hutaweza kutazama kando upesi.

Aliyeanguka na bodaboda, mwenye miaka 65 na zaidi, anayehisi ganzi mikononi, miguu kulegea, mkojo kumponyoka au maumivu katikati ya uti wa shingo asiuziwe kola hii kabisa. Haishikilii mfupa uliovunjika. Asigeuzwe shingo; apelekwe hospitali.