Ofisi ya mawakili Houston: talaka na jinai kwa sheria za Texas

Nilimsindikiza dada yangu, aliyetaka talaka huku mumewe akikabiliwa na shtaka la kumpiga. Wakili alichukua karatasi, akachora mstari katikati: upande mmoja talaka, ambayo Texas humtaka mwombaji au mwenzake awe ameishi jimboni miezi 6 na katika kaunti siku 90, kisha kwa kawaida asubiri siku 60 tangu ombi lifunguliwe, upande wa pili jinai, ambako anayeshtaki ni jimbo lenyewe, hivyo dada hawezi kuifuta kesi kwa kumsamehe mume, jambo ambalo wazee wetu wa usuluhishi wangeshangaa kulisikia. Alieleza pia kwamba kuvunja amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama inayomkataza mtu kumdhuru au kumkaribia mwenzake, ni kosa la jinai, na kwamba asiye raia akitiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani anaweza kufukuzwa nchini.

Kasoro kubwa ni ukalimani wa simu. Wakili alipozungumzia haki ya kukaa na mtoto, ambayo kwa Kiingereza ni "custody", neno linaloweza pia kumaanisha kizuizi, mkalimani alisema mtoto atawekwa "kizuizini", na dada akaangua kilio hadi nilipomsahihisha mkalimani. Ombeni mkalimani anayeijua mahakama, tena awepo ana kwa ana.