Uzoefu wangu na darubini ya bunduki ya 6x42 katika kunyatia kulungu Uskoti

Darubini ninayoizungumzia hapa ni Schmidt & Bender Klassik 6x42. Imefungwa juu ya bunduki ya risasi za .308 Winchester yenye kipunguza sauti mdomoni, na kazi yake ni kunyatia kulungu wekundu, na wale wadogo waitwao roe, katika milima ya kaskazini mwa Uskoti. Inakuza mara 6, basi. Haina pete ya kuzungusha wala betri. Nimeitumia kwenye jua, mvua na theluji, na kwa risasi za kati ya mita 60 na 200, ambazo ndizo nyingi katika uwindaji huu, sijaona sababu ya kupanda mlima na kitu kingine.

Namba zake ndizo zinazowachanganya wanunuzi. 6 ni ukuzaji, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya 42 kwa 6 unapata 7, nayo ni upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni. Unaweza kuliona kwa macho yako: ishike darubini mbali na uso, mkono umenyooka, uielekeze angani, na utaona kiduara cheupe katikati ya lenzi ya nyuma. Weka rula, upime. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi; ya mtu mwenye umri wa miaka 60 mara nyingi haizidi 5. Kwa hiyo 6x42 humpa jicho changa mwanga wote linaloweza kupokea. Mzee akitumia 6x42 hapotezi kitu, kwa sababu duara pana kuliko mboni linamwachia nafasi ya kuweka jicho upesi bila kutafuta. 4x32 inatoa duara la milimita 8, mwanga usiokuwa na wa kuupokea, na picha ni ndogo. 10x42 inatoa milimita 4.2, na machweo yakifika utaona kulungu amegeuka kivuli kabla mwenzako mwenye 6x42 hajaanza kulalamika.

Machweo yenyewe ndiyo kiini cha mambo. Sheria ya Uskoti inahesabu usiku kuanzia saa moja baada ya jua kuzama hadi saa moja kabla halijachomoza, na kupiga kulungu usiku kunahitaji kibali maalumu. Kulungu majike hupunguzwa katika miezi ya baridi, na mwishoni mwa Desemba jua la Inverness huzama kama saa tisa na nusu alasiri. Kufikia saa kumi na nusu siku yako imekwisha kisheria. Mwanga unaoutumia kwa kazi ni huo wa dakika za mwisho, chini ya wingu zito, jike wa rangi ya kahawia akiwa mbele ya majani makavu ya rangi hiyo hiyo. Hapo ndipo ubora wa vioo unapolipa. Ukiwa na vioo vizuri unaona mstari wa mguu wa mbele ukipanda kwenye kifua, unahesabu theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini, na unajua moyo na mapafu viko wapi. Vioo hafifu vinakupa umbo la mnyama tu, na umbo pekee halitoshi kufyatua risasi.

Alama ya shabaha niliyochagua ni ile ya Kijerumani namba 4: nguzo tatu nene, kushoto, kulia na chini, na msalaba mwembamba katikati. Msalaba mwembamba mtupu, hata uwe mzuri mchana, hupotea jioni ndani ya majani meusi. Nguzo nene hazipotei, na jicho huongozwa nazo hadi katikati hata nyuzi nyembamba zikififia. Faida ya pili wengi hawaitumii. Kwa kuwa ukuzaji haubadiliki, pengo kati ya nguzo mbili linafunika kipimo kile kile kila siku. Weka ubao wenye alama za kila sentimita 10 kwenye mita 100, soma pengo lako linafunika sentimita ngapi, uliandike ndani ya kifuniko cha sanduku la risasi. Kulungu akijaza pengo lote unajua yuko karibu kiasi gani. Akijaza nusu yake, yuko mbali mara mbili. Kwenye darubini za kubadilisha ukuzaji ambazo alama yake haikui pamoja na picha, hesabu hiyo huvunjika kila unapozungusha pete.

Kulungu aliye mita 150 unamwona kana kwamba yuko mita 25. Watu wanaotaka mara 12 au 16 nawauliza wanataka kuona nini zaidi ya hapo. Kumtambua mnyama, kuhesabu pembe, kuangalia kama jike ana ndama, hiyo ni kazi ya darubini ya macho mawili au teleskopu. Ile ya bunduki usiitumie kutafutia, maana popote inapotazama ndipo mtutu ulipoelekea. Tena ukuzaji mkubwa unakuza na mtetemo wa mkono. Umetoka kutambaa mita 100 kwa tumbo, moyo unadunda, na kwenye mara 12 msalaba unacheza juu ya kifua chote. Kwenye mara 6 mdundo ule ule upo, lakini hausumbui, na unafyatua kwa wakati badala ya kusubiri picha itulie.

Upana wa picha ni kama mita 7 kwenye mita 100. Huo ni mzuri mlimani, kwa sababu baada ya teke la bunduki bado unamwona mnyama na unajua ameelekea wapi. Msituni ni habari nyingine: kwenye mita 20 upana unabaki mita 1.4 tu, na roe akitokea ghafla kati ya miti utaona manyoya matupu bila kujua ni bega au paja. Anayewinda zaidi ndani ya misitu minene atafute 4x36, au akubali darubini ya kubadilisha inayoanzia mara 1 au 2. Hilo sina namna ya kulipamba.

Umbali wa jicho, yaani kutoka lenzi ya nyuma hadi jichoni, ni kama sentimita 8, na hapa wengi hujiumiza. Ukifunga darubini ukiwa umesimama dukani kwa shati jepesi, ukalala kifudifudi mlimani, kichwa kinasogea mbele na ukingo wa darubini unakuja juu ya nyusi. Njia sahihi ni hii: vaa koti unalowindia, legeza pete zinazoishika darubini juu ya bunduki, lala kifudifudi, fumba macho, pachika kitako begani, egemeza shavu, kisha fumbua. Picha iwe imejaa, bila mwezi mweusi pembeni. Sogeza darubini mbele hadi kivuli kianze kuingia, kisha irudishe nyuma kidogo. Rudia ukiwa umekaa. Ikibidi uchague, kulala ndiko kuamue. Leupold FX-3 6x42 ya Marekani inampa mtu zaidi ya sentimita 10, na kwa mwenye bunduki nyepesi yenye teke kali ningeipendekeza kwa sababu hiyo pekee.

Kabla ya kukaza, ning'iniza timazi kwenye mita 25 na ulinganishe uzi wa wima wa msalaba nayo, bunduki ikiwa haijainama upande. Skrubu za vifuniko vya pete nazikaza kwa spana ya kipimo, kama Nm 2, kidogo kidogo kwa kupishana, nafasi ya kushoto na kulia ya kila pete ibaki sawa. Mtengenezaji wa pete akitoa kipimo chake, fuata chake. Kukaza kupita kiasi kunabonyeza bomba na mitambo ya ndani inakwama. Kulegeza kunaacha darubini itambae nyuma kidogo kila risasi. Chora mstari mwembamba wa penseli mbele ya pete, utajua ikianza kusogea.

Kupanga shabaha kwenyewe ni kazi fupi. Toa bolti, tazama ndani ya mtutu hadi uone ubao wa mita 25, kisha leta msalaba hapo bila kutikisa bunduki. Mlio mmoja wa kirekebishi, yaani kitufe cha kuzungusha kinachosogeza msalaba, ni sentimita 1 kwenye mita 100, kwa hiyo kwenye mita 25 ni milimita 2.5. Risasi ikiwa chini sentimita 5 kwenye mita 25, hesabu milio 20 kwenda juu. Nenda mita 100, piga tatu, rekebisha kwa katikati ya kundi, usifukuze risasi moja moja. Kwa risasi ya grain 150 (grain ni kipimo cha uzito wa risasi) naweka kundi juu sentimita 4 kwenye mita 100; kwenye mita 200 inashuka sentimita chache tu chini ya msalaba, ndani ya kifua cha kulungu yeyote mwekundu. Ndiyo maana virekebishi hukaa chini ya vifuniko siku nzima.

Darubini hii imepangwa kwa mita 100, na haina kirekebishi cha umbali; kwa umbali mwingine msalaba huonekana kusogea juu ya shabaha jicho lisipokaa katikati. Jicho likikaa ukingoni mwa picha, kosa kubwa kabisa kwenye mita 200 ni milimita 21, na kwenye mita 50 ni milimita 10 na nusu. Hayo hayamponyi kulungu wala hayamjeruhi.

Maji ndiyo adui wa kila siku. Tone moja kwenye lenzi ya nyuma linageuza kulungu kuwa ukungu, na kifuniko cha kufunguka kwa chemchemi hushika kwenye vichaka ukitambaa. Natumia ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kutoka lenzi ya mbele hadi ya nyuma; unatoka kwa kidole kimoja, bila kelele. Tope la mlimani lina mchanga ndani yake, hivyo usifute kwa shati. Suuza kwa maji safi, acha yatiririke, ndipo ushike kitambaa laini. Bunduki iliyoganda usiiingize kwenye chumba chenye moto. Iache barazani penye kufuli ipate joto polepole.

Mpya ni ghali. Zilizotumika, zikiwemo Zeiss Diatal-Z na Swarovski Habicht za 6x42, hupatikana kwa bei ya chini kwa sababu soko limehamia kwenye za kubadilisha ukuzaji. Kagua hivi: mulika tochi kwa mshazari kupitia lenzi ya mbele na utafute nyuzi za kuvu na utando wa mafuta, zungusha kila kirekebishi mwanzo hadi mwisho, kila mlio usikike, kisha kiwanjani piga risasi moja, nenda milio 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto, 20 chini, ukipiga kila pembe. Ya tano iingie karibu na ya kwanza. Kuna moja ya bei rahisi niliyoijaribu ambayo haikusogea kabisa hadi ilipopata teke mara mbili, kisha ikaruka sentimita 6 kwa pamoja. Hiyo haifai kupelekwa kwa mnyama aliye hai. Na pima bomba kwa kalipa kabla ya kununua pete. Nyingi za Kijerumani za zamani zina milimita 26, na ukizibana kwa pete za 25.4 zitaacha makovu, au zitapinda kabisa.