Shilingi 850 za kusoma kurasa zilezile mara mbili

Duka lile la vitabu sirudi. Liko katikati ya mji wa Kisumu, na jina lake silitaji kwa sababu sitaki kesi. Kaunta yake ina ile karatasi iliyobandikwa katika nusu ya maduka ya mji huu, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nami kama mjinga niliisoma, nikacheka, nikalipa.

Kitabu chenyewe ni cha watoto. Binti wa kaka yangu, ninayeishi naye, alikitamani tangu mwenzake aje nacho darasani. Kila jioni ikawa, "Senje," yaani shangazi, "ninunulie kile cha feri," na siku mbili nzima nikadhani anataka kitabu cha vyombo vya majini, kama ile feri ya Luanda K'Otieno inayovuka kwenda Mbita. Kumbe ni "fairy" wa Kiingereza, vile viumbe vidogo vyenye mabawa. Kamusi inaviita vichimbakazi, lakini hebu mtajie mtoto wa Gredi ya Nne kichimbakazi uone atakavyokukodolea macho. Tukabaki na feri.

Nilitarajia upuuzi wa vumbi la dhahabu. Badala yake nikakuta nyumba ndogo ya kupanga huko Uingereza, baba amepoteza kazi, bili za umeme zimefichwa ndani ya birika bovu, na wazazi wanaogombana usiku kwa sauti ya chini wakidhani mtoto amelala. (Mtoto huwa halali. Mimi sikuwa nalala.) Feri anaishi nyuma ya jiko, mchafu, mwenye mafua, na anamwahidi msichana kwamba atazirudisha siku nyuma mpaka kabla baba hajafukuzwa. Anafumba macho, anaanza kuhesabu, na hapo ndipo ukurasa wa 80 unapoisha.

Ukurasa unaofuata ni wa 65.

Mimi ningeona mara moja kwamba kitabu ni kibovu. Mtoto hakuona hivyo. Stima ilikuwa imepotea, anasoma kwa mwanga wa simu yangu, akaja mbio jikoni: "Senje, hii kitabu imerudi nyuma!" Alisema kwa furaha ya kweli. Kwake yeye feri alikuwa ametimiza ahadi, siku zimerudi, na sasa mambo yataenda tofauti. Akaketi akasoma tena kurasa zile 16 polepole, kidole juu ya mstari, akitafuta palipobadilika. Baba akaachishwa kazi tena. Mlango ukapigwa tena. Ukurasa wa 80 ukafika tena, na baada yake ukaja wa 97, ambapo watu wanahamisha vyombo na hakuna anayeeleza kwa nini.

"Alijaribu," akaniambia. "Lakini imekuwa tu vilevile." Kisha akaenda kulala bila kuoga.

Lazima nieleze hapa, maana bila hili mtaona nafanya kelele kwa ajili ya karatasi. Kaka yangu alifanya kazi kiwanda cha sukari. Kazi ilipokwisha hakumwambia mtu. Kwa wiki kadhaa alitoka nyumbani asubuhi na mkebe wake wa chakula na koti la kazini, akarudi jioni. Mambo yalipojulikana nyumba ilivunjika, na mtoto akaja kwangu na begi moja.

Kwa hiyo asubuhi nilirudi dukani nikiwa nimechemka tayari. Kijana wa kaunta akakipindua kitabu mara mbili, akasema, "Madam, huyo mtoto wako ndiye ameng'oa."

Ameng'oa! Nikamfungulia. Nikamwonyesha 65 hadi 80, halafu 65 hadi 80. Mtoto anaweza kung'oa kurasa, hawezi kuzizaa. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, aghalabu kurasa 16 kwa mkunjo, na hapa aliyevipanga alichukua mkunjo mmoja mara mbili akauruka uliofuata. Kosa ni la kiwanda cha uchapaji, najua, na yule kijana ningemsamehe siku ileile kama asingemtaja mtoto. Lakini aliendelea: "Na hata hivyo ni hadithi tu za watoto, si ataruka." Nikamtajia Kifungu cha 46 cha Katiba, haki ya mnunuzi kupata bidhaa yenye ubora unaofaa. Akaniambia katiba si risiti. Risiti nilikuwa nayo mkononi. Mwenye duka akainua macho kutoka kwenye simu, akayarudisha.

Pesa sikurudishiwa. Mwalimu mmoja rafiki yangu wa Nakuru, mwenye nakala nzima, akanipigia picha 81 hadi 96 na kunitumia. Nilizisoma mimi kwanza, nikiwa kwenye matatu, na karibu nipitilize Kondele. Feri anashindwa. Siku hazirudi. Anachoweza ni kumbeba msichana mpaka bustanini, na pale kwenye benchi ameketi baba, na koti lake la kazini, na mkebe wa chakula mapajani, akisubiri saa za kurudi nyumbani.

Nilimkasirikia mwandishi kuliko nilivyomkasirikia yule kijana. Mambo gani haya ya kumwandikia mtoto? Jirani yangu wa Gwassi akanicheka. Kwao, akasema, watoto wanasimuliwa Nyamgondho, aliyevua kikongwe kutoka ziwani akamfanya mke, akatajirika kwa ng'ombe, kisha usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana kwa kule alikomtoa, na ng'ombe wote wakamfuata yule bibi majini wasirudi. "Hiyo si uchawi na shida za nyumbani? Na sisi tulilala vizuri tu." Sikuwa na jibu.

Basi, kitabu ni kizuri. Nilisema kibaya? Ni kizuri mno, ndiyo maana kinaudhi. Kinunueni, ila hesabuni kurasa hapo hapo kaunta muuzaji akiwaangalia. Mwenye nyota akipe kitabu nyota nne, na duka asilipatie hata moja. Picha zile bado ziko kwenye simu yangu. Mtoto ameuliza mara moja kama nilizipata na nikasema mtandao unasumbua. Labda nitampa shule zikifungwa. Labda nimpigie baba yake kwanza.

Halafu jana ameniletea habari kwamba kuna sehemu ya pili. Nimezunguka mji mzima, na duka lenye nayo ni moja tu, mnalijua. Nitamtuma jirani.